Namba Nane Usiiguse

Najua shikamoo hamtanipa. Nina miaka kumi na saba na bado navaa sketi ya shule. Lakini mjue mnasoma maneno ya mstaafu. Nimepiga kinanda kwenye shughuli za kina mama, Magomeni na Kariakoo, tangu nikiwa darasa la saba, na mwaka huu nimeacha. Walimu wanaamini nimeacha kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne. Mama naye anaamini hivyo, amemshukuru Mungu mbele ya majirani. Waacheni waamini.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaonisimamisha getini kuniuliza eti dada, kinanda kipi kizuri, cha zamani au kipya. Nitawajibu. Ila jibu lenyewe ni refu na lina mlango unaogongwa, kwa hiyo kaeni.

Tuanze na yale ya maana, msije mkasema nimewasimulia mashetani tu. Washa kinanda kwanza, spika baadaye. Wakati wa kuzima, spika kwanza. Ukigeuza utaratibu huo, spika inapiga bumu moja ambayo kwangu iliwahi kumrusha bibi harusi kutoka kwenye mto wake na hina ikaenda mpaka kwenye kiwiko. La pili, kabla hujagusa chochote tazama kwenye skrini, sauti imepandishwa au imeshushwa kiasi gani. Niliwahi kusahau nikaanza juu mno. Mwimbaji, mama mtu mzima mwenye heshima zake, akalazimika kunifuata huko huko juu na sauti ikamtoka kama ya kuku aliyekanyagwa. Mpaka leo tukikutana sokoni anavuka upande wa pili.

Aliyenifundisha ni Mzee Nambunga. Chumba chake na chetu vinatazamana kwenye korido moja, nyumba ya Magomeni, ile ya vyumba sita na ua nyuma. Si babu yangu wa damu, alikuja mjini kutoka pande za Lindi kabla mama hajazaliwa, lakini mimi namwita babu na yeye ananiita mke wangu. Kwa utani huo basi marehemu mkewe, Bi Somoe, alikuwa mke mwenzangu. Alifariki nikiwa mdogo sana. Namkumbuka kwa vitu viwili tu, sauti nzito iliyokuwa ikitoka jikoni, na kunifukuza nisikalie kiti chake.

Hao wawili walikuwa na kazi yao ya ajabu. Mzee alikuwa akipiga kinanda kwenye shughuli za wanawake tupu, siku za hina, siku za kumfunda mwali, ambako mwanaume haingii. Alikuwa akiwekwa nje kwenye korido, nyuma ya pazia, na kinanda chake na stuli. Bi Somoe yuko ndani anaimba. Miaka yote hiyo Mzee amepigia watu asiowaona. Aliwahi kuniambia kwamba maharusi wote wa Kariakoo anawajua kwa viatu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiviona chini ya pazia.

Mimi nilipoanza, pazia halikuwa na kazi tena. Ni msichana, naingia na kinanda changu mpaka katikati ya ukumbi, nakula pilau pamoja na wenyewe. Mzee alikuwa ameshapata kiharusi, mkono wa kushoto umelala. Kinanda ni mikono miwili. Kulia wimbo, kushoto ndio unaoiamrisha bendi iliyomo ndani. Bila kushoto huna bendi. Kwa hiyo akanipa kinanda chake na vidole vyangu vikawa vyake, ndivyo alivyosema, na mimi nikamwambia aongeze na soda.

Kinanda chenyewe mngekiona mngecheka. Ufunguo mmoja umekwama, mwingine ukiubonyeza unatoa sauti baada ya kufikiria kidogo. Kilikuwa kinanuka udi mpaka ndani, udi wa shughuli za miaka yote. Na kwenye vitufe vya kumbukumbu, kimoja mpaka nane, kile cha nane kilikuwa kimefunikwa kwa plasta nyeupe ya hospitali. Siku ya kwanza kabisa aliniambia namba nane nisiiguse.

Sasa kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri Mzee alikuwa akinigongea nimpelekee kinanda, afunge mlango. Ukuta wetu mwembamba. Nilikuwa nasikia violini zinaanza, zinapanda, halafu zinakatika. Kimya. Kimya kirefu mpaka unadhani amelala. Halafu violini zinaingia tena, tena palepale zilipotakiwa, kama vile kuna kitu kilipita katikati. Nilidhani ni uzee, anasahau. Siku moja nikamtania kwamba wimbo wake umetoboka.

Hakucheka. Akasema, "Hapo anaimba."

Ndiyo nikaelewa. Aliurekodi wimbo wa mkewe, ule wa kumuaga mwali, kabla ya kiharusi, kwa mikono yote miwili. Kinanda kile hakikuwa na maiki wala njia ya kuingiza sauti ya mtu. Kinashika vidole tu, ufunguo gani umebonyezwa na lini umeachiwa. Kwa hiyo sauti ya Bi Somoe haipo mahali popote duniani. Kilichobaki ni nafasi alizokuwa akiimba, kwa urefu wake kamili, na Mzee alikuwa anakaa humo kila Jumamosi.

Mimi nilizifuta.

Ilikuwa hivi. Kinanda kilipoanza kuzima chenyewe katikati ya shughuli, Mzee alisema nikakibadilishe Kariakoo, niache hicho nichukue kipya. Akanisisitizia jambo moja tu, mwambie fundi ahamishe namba nane kwenye flashi kabla hajafanya chochote. Nikasema sawa babu. Nikaondoka nacho begani, kimefungwa kwenye kanga.

Nyie mnalijua lile duka. Si duka, ni ngazi. Unapanda kati ya mabegi ya shule na vyombo vya plastiki mpaka juu, unakuta chumba kimejaa vinanda vimesimamishwa wima ukutani kama watu waliopewa adhabu. Fundi, kijana mmoja wa maneno mengi, akanitolea kipya kwenye boksi. Wadogo zangu, mimi si mtu wa kudanganyika, lakini nilipokiwasha skrini ikawaka rangi, nikashika sauti tatu mkono wa kushoto na ngoma, besi, magitaa, vyote vikaingia nyuma yangu kwa pamoja. Nikabadilisha mkono, vikageuka vyote pamoja na mimi. Niligeuka kutazama nyuma kweli kweli. Unapata hisia kuna watu wamesimama, wanakutazama mgongo, wanasubiri ufanye nini.

Fundi akanijazia midundo, wa mchiriku, wa taarabu, wa mduara, kila kitu. Huku akiwa na kile cha zamani mapajani akaniuliza kuna cha kubakiza humu. Na mimi nilikuwa nimeshanogewa, nacheza huku napiga, wateja wamejaa mlangoni wananishangilia. Nikamjibu bila hata kugeuka, nikitafuta kuchekwa, kwamba humo kumebaki vumbi na udi, futa yote. Watu wakacheka. Akafuta.

Nilikumbuka nikiwa nusu ya njia ya kurudi Magomeni, natembea kwa raha zangu. Nilikimbia kurudi. Fundi alikuwa bado hajakiuza. Tukakiwasha, akabonyeza nane. Skrini ikaandika kwamba hapana kitu. Akanifariji kwamba hata hivyo ni wimbo mmoja tu, dada, utarekodi mwingine.

Nyumbani nikasema uongo. Jumamosi ya kwanza adapta imeungua. Jumamosi ya pili, kipya kinataka kuzoea umeme wa kwetu, na Mzee, ambaye macho yake nayo yameingia ukungu, akanielekezea uso kwa muda kidogo, akasema haya. Akakaa chumbani kwake na kiti cha Bi Somoe, alasiri nzima, bila kitu. Nilikuwa namsikia ukutani. Yaani nilikuwa simsikii, na hicho ndicho kilichonitesa. Ya tatu nisingeimaliza na uongo mwingine. Ilikuwa siku aliyofariki Bi Somoe, kila mwaka hiyo haimpiti.

Kwa hiyo nikaamua kughushi. Msinitazame hivyo. Wimbo nimeusikia ukutani miaka minne, naujua. Tulikuwa likizo, mama yuko kazini, Mzee amepelekwa kliniki na jirani. Mchana wa saa sita, jua la kupasua bati, nikafunga mlango nikarekodi. Nilizima ngoma zote, nikaacha violini peke yake. Na pale kwenye zile nafasi, ukweli nilichoka kungoja. Nafasi ya kwanza nikaifupisha, nikatia na mapambo kidogo ya vidole, kamzunguko fulani nilikojifunza kwenye simu. Nikaona pamependeza. Nikahifadhi namba nane, nikabonyeza kusikiliza.

Violini zikaanza, zikapanda. Pakaja mapambo yangu. Halafu, nyuma ya mapambo, ko, ko.

Kitu kigumu juu ya ubao. Mara mbili.

Nikanyanyuka nikafungua mlango. Korido tupu, kandambili zimepangwa, mwanga wa uani. Nikarudi, nikacheza upya. Palepale, ko, ko. Nikaweka sikio kwenye spika. Ilikuwa inatoka humo ndani.

Kesho yake nilikuwa Kariakoo asubuhi kabla fundi hajamaliza chai. Nikamwambia kinanda chako kibovu, kinagonga. Akakipindua, akatikisa, akakagua mafaili moja moja. Akasema humo kuna mkondo mmoja tu, violini, hakuna ngoma wala kijiti. Nikamuuliza labda kimeshika sauti ya nje. Akanionyesha nyuma. Kwa kushika nini, dada, hiki nacho hakina maiki. Tukakisikiliza wote wawili. Kikagonga mara mbili. Fundi wa maneno mengi akakirudisha kwenye kanga mwenyewe, akakifunga fundo, akaniambia nisikilete tena mpaka kiharibike kweli.

Alhamisi nilikuwa na kazi, siku ya hina ya binti wa Bi Sharifa, wale Waarabu wenye duka la vitambaa, ghorofa ya tatu huko huko Kariakoo. Bi Sharifa mwenyewe alifundwa kwa wimbo wa Bi Somoe, na Mzee yuko nyuma ya pazia. Nikasema huyu ndiye kipimo. Akiukubali huyu, Mzee ataukubali.

Saa kumi jioni, ukumbi umejaa, madirisha wazi, kelele za mtaa zinapanda, honi, watu wa maikrofoni wananadi mashuka. Nikabonyeza nane. Wamama watu wazima wakanyamaza mmoja mmoja. Bi Sharifa akafumba macho, midomo inacheza. Ilipofika nafasi ya kwanza akafungua mdomo kutaka kuimba, na mapambo yangu yakamwingilia, akaufunga.

Ko, ko.

"Fungueni mlango, kuna mtu," akasema Bi Sharifa.

Msichana akaenda, akafungua, akatoa kichwa, akasema hakuna. Mlango ulikuwa ubavuni mwangu, na hapo juu pana vile vishikizo vya zamani vya pazia bado. Nikauacha wimbo uendelee. Nafasi ya pili nayo nilikuwa nimeipunguza. Ko, ko. Msichana akaenda tena. Safari hii hakurudi alipokuwa amekaa, alikwenda kukaa katikati ya wenzake.

Bi Sharifa alikuwa amefumbua macho, haniangalii mimi, anaangalia mwimo wa mlango, pale usawa wa bega la mtu. Akaniuliza polepole Mzee Nambunga hajambo. Nikamwambia hajambo. Akasema nimsalimie, na huo wimbo nisiurudie hapa.

Jumamosi ikafika. Mzee hakunigongea. Aliacha mlango wake wazi. Nikaingia na kinanda, nikakiweka juu ya meza, amekaa kitandani na kikombe cha kahawa, kiti cha Bi Somoe kiko palepale pembeni ya mlango ambapo hakikaliwi. Nikabonyeza nane.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa namtazama usoni, na mara zote mbili kilipogonga, nyusi zake zilipanda. Kilipoisha akanywa kahawa.

"Hiyo mikono ni yako," akasema.

Nikamwambia yote. Ngazi, fundi, wale watu waliocheka, futa yote. Nililia, ndiyo, na kamasi, msinicheke. Mzee hakunigombeza. Alingoja nimalize, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na anayegonga?"

"Sijui, babu. Fundi kakagua. Sijui."

Akanieleza, taratibu, kama anavyonifundisha wimbo. Nyuma ya pazia alikuwa hamwoni mkewe, na mkewe hamwoni. Sasa ataanzaje, atangoja wapi, atafunga lini? Bi Somoe alikuwa anasimama karibu na mlango na pete yake. Akigonga mwimo mara moja, ngoja. Mara mbili, umekosea, rudia. Mara tatu, funga, tumemaliza. Wageni walikuwa wakidhani ni madaha yake. Wao wawili hawakumwambia mtu yeyote. Mimi nimepiga kinanda chake miaka minne na sikuwahi kujua, kwa sababu mimi nilikuwa naingia mpaka ndani.

"Umemwingilia," Mzee akasema. "Umeziba pumzi yake hapo, unamjazia mavidole. Mke mwenzako hajawahi kuvumilia hilo hata kwangu. Rudia."

Nikafuta ile takataka yangu. Nikaweka kurekodi upya. Nikaanza, violini zikapanda, nikafika pale. Nikatoa vidole. Nikaviweka mapajani.

Wadogo zangu, hakuna kazi ngumu kwenye kinanda kama kutopiga. Niliwahi kupiga nyimbo za kasi mpaka vidole vikawaka moto, haikuwa ngumu hivyo. Kimya kile kilikaa chumbani. Nje mtu anaita maji, kuku anaparua uani, na humu ndani hewa ilikuwa imejaa, kama ukumbi unavyojaa kabla mtu hajaanza. Nikasikia harufu ya udi. Kinanda ni kipya, kimetoka kwenye boksi, kilikuwa kinanuka plastiki mpaka asubuhi ile. Mzee midomo yake ilikuwa inakwenda, anahesabu, au anamfuata mtu. Akainamisha kichwa kidogo kunipa ishara. Nikaingia.

Hakikugonga kitu.

Nafasi ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Niliingoja yote. Sikutazama kile kiti. Nilitazama mkono wa Mzee, ule mzima, umeshika kikombe. Ule mwingine umelala juu ya shuka kama siku zote. Akainamisha kichwa tena. Nikaingia, nikauteremsha wimbo mpaka chini, nikashika sauti ya mwisho, ile anayoipenda yeye, nikaiacha ife yenyewe.

Ko. Ko. Ko.

Haikutoka kwenye spika. Ilitoka mlangoni, kwenye mwimo, juu ya kile kiti, usawa wa bega la mtu. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Mzee, hakikumwagika hata tone.

Yeye akatabasamu, akasema asante, na sidhani kama alikuwa ananiambia mimi.

Nilihifadhi namba nane. Nikaomba plasta kwa jirani, nikaifunika. Kinanda nikakiacha mezani kwake, sikukitoa tena. Shughuli zilizokuwa zimepangwa nikazirudisha kwa wenyewe. Mtu aliyegongewa mara tatu hang'ang'anii jukwaani, amemaliza. Ndiyo maana nawaambia nimestaafu, na siyo mtihani. Mtihani wenyewe sijasoma.

Kwa hiyo jibu langu. Chukueni kipya, ni vizuri sana, bendi nzima inakufuata. Ila kabla ya kuacha cha zamani muulize mwenyewe kina nini ndani, uhamishe kwa mkono wako, na watu wakicheka mlangoni wapuuzeni. Na ukitaka kufundishwa, njoo Magomeni, mlango wa tatu kushoto, Mzee yupo, kinanda kipo, vitufe saba ni vyako. Kaa popote isipokuwa kile kiti. Pale wimbo unapotaka kimya, kipe chote.

Na ukisikia mara mbili, usiende kufungua mlango. Rudia.